Spa, Msimu wa 65

Faili la kwanza lilikuja Machi 2016, saa sita usiku, bila salamu. Barua pepe yenyewe haikuwa na kichwa wala neno ndani. Kulikuwa na kiambatisho kimoja tu, kidogo kuliko picha ya pasipoti, na jina lake lilikuwa spa67_usikanyage.

Kaka yangu hakuwa amenisemesha tangu Novemba 2014. Nililicheka lile jina kabla sijakumbuka kwamba tumenuniana.

Ili hili lieleweke, inabidi nieleze kwanza mchezo wenyewe. Mwaka 1998 kampuni ya Marekani iitwayo Papyrus ilitoa mchezo wa kompyuta wa mbio za langalanga, Grand Prix Legends. Michezo mingi ya magari ya wakati ule ilikuwa na magari ya mwaka huohuo. Huu ulirudi nyuma hadi msimu wa 1967, kabla magari hayajaota mabawa, dereva alipokuwa amekaa katikati ya matangi ya petroli bila mkanda. Injini ya Lotus 49 ilitoa nguvu za farasi kama 400, gari zima likiwa na uzito wa kilo 500 na ushee. Ukikanyaga mafuta kama unavyokanyaga kwenye michezo mingine, gari linageuka nyuma mbele hata kabla ya kona ya kwanza. Wengi waliununua, wakapinduka mara kumi, wakauweka kabatini.

Kwetu Tanga ulifika mwaka 2006, umechelewa, ndani ya CD isiyo na ganda. Kaka alinunua kompyuta chakavu Kariakoo, iliyokuwa imestaafu kutoka ofisi fulani, na huo ndio ulikuwa mchezo pekee wa magari iliouweza. Mchezo ambao mwaka 1998 ulizielemea kompyuta za matajiri, miaka minane baadaye ulikimbia vizuri kwenye takataka yetu. Tuliuchezea kwa joistiki, chumba cha nyuma, nyumba ya Ngamiani, feni ikielekezwa kwenye kompyuta na sio kwetu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye ishirini. Zamu yake ilikuwa mizunguko mitano, yangu miwili. Sikulalamika. Kumwangalia tu kulitosha.

Kaka alikuwa anaingia kona ubavu. Anaachia mafuta kidogo, mkia unatoka, halafu anakanyaga na kulishikilia gari hapohapo, pua ikiangalia ndani ya kona na gari likienda kwingine, mpaka kona iishe. Mimi sikuweza. Mguu wangu ulikuwa na woga, ukikanyaga robo na kuachia. Mzunguko wa Spa ya zamani, kilomita 14 za barabara za kawaida kati ya mashamba na nyumba za watu kule Ubelgiji, kaka aliumaliza kwa dakika 3 na sekunde 27. Mimi 3:36, siku njema.

Raha nyingine ya mchezo huu, na kwa baadhi yetu ndiyo raha kubwa, ni kwamba gari unalipanga mwenyewe. Kwa kila barabara unachagua ugumu wa springi na shokapu, upepo wa tairi, tairi lilale kiasi gani, gari liwe juu au chini, stabilaiza, breki igawanywe vipi mbele na nyuma, gia moja moja, difu, na lita za mafuta. Yote hayo unayahifadhi kwenye faili dogo, tunaloliita seti. Ukimaliza mzunguko, mchezo unakuonyesha joto la kila tairi sehemu tatu: ndani, katikati, nje. Katikati pakiwa pa moto kuliko pembeni, umejaza upepo mno. Ndani pakiungua, umelilaza tairi kupita kiasi. Baba, aliyekuwa dereva wa lori la katani, aliwahi kusimama mlangoni akisikiliza kaka akinieleza hayo, akasema, “Kumbe mnasoma.” Akaondoka.

Baba alifariki Januari 2014. Novemba, nikiwa mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam, nilipigiwa simu na jirani kuulizwa kama vitanda vyetu navyo vinauzwa. Nyumba ilikuwa imeshauzwa. Kaka, ambaye tayari alikuwa Muscat akifanya kazi ya kufunga na kutengeneza viyoyozi, ndiye aliyesaini. Mama alihamia Muheza kwa dada yake. Nilimpigia kaka, nikamwambia maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake. Jepesi kuliko yote lilikuwa “umetuuza”. Hakujibu kitu. Alisema, “Umemaliza?” Nikakata.

Baada ya hapo tulibaki kwenye kundi moja la WhatsApp la familia, kila mmoja akimsalimia mama asubuhi, hakuna anayemsalimia mwenzake. Watu wa pwani tunajua kununa. Unaweza kula sinia moja na mtu uliyemnunia.

Kwa hiyo lile faili la Machi. Nilikuwa na laptopu na usukani wa kompyuta ambao kaka alinitumia miaka ya nyuma kwa mtu aliyekuwa anarudi. Nikaliweka kwenye Lotus, nikaenda Spa. Ilikuwa seti yake kabisa. Ungeniambia nimtambue mtu kwa springi zake ningecheka, lakini ndivyo ilivyokuwa: mbele pagumu kidogo ili pua iitike haraka, na difu imefungwa upande wa kukanyaga.

Difu inahitaji maelezo kidogo. Kwenye kona tairi la nje linasafiri njia ndefu kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoyaruhusu yapishane. Difu ya magari ya mashindano ina klachi ndani yake zinazopunguza uhuru huo, na unaweza kuamua zifunge kiasi gani ukikanyaga mafuta, na kiasi gani ukiachia. Unapanga kwa pembe. Namba ndogo inafunga zaidi. Ukifunga sana upande wa kukanyaga, tairi zote mbili za nyuma zinateleza kwa pamoja, na dereva mwenye mguu mzuri anaweza kuliendesha gari kwa mafuta badala ya usukani. Ukifungua upande wa kuachia, gari linajigeuza lenyewe pale unapoinua mguu. Kaka alifunga huku, akafungua kule. Kwa mguu wake ni ngoma. Kwa wangu ni kaburi.

Nilianguka Burnenville mara nne. Mara ya tano nikamaliza, 3:38. Nikabadilisha vitu viwili, nikapata 3:34, nikahifadhi na kumrudishia: spa67_nimekanyaga.

Tukaendelea hivyo karibu miaka miwili. Faili mbili au tatu kwa mwezi, hakuna barua. monza67_mafuta lilipofika nilijua anataja mbio za Monza za mwaka huo, ambazo Jim Clark alipitwa mzunguko mzima kwa sababu ya tairi, akaurudisha wote, akashika uongozi, halafu akaishiwa mafuta mzunguko wa mwisho na John Surtees akashinda na Honda. Kaka alikuwa ameweka lita pungufu kwa mzunguko mmoja. Utani wa namna yake. Nilimjibu kyalami67_mafuta, kwa sababu huko nako, Januari 2 ya 1967, John Love wa Rhodesia alikuwa anaongoza kwa gari kuukuu mpaka ikabidi aingie kuongeza petroli, akamaliza wa pili. Kwa macho ya mtu mwingine yalikuwa mazungumzo ya mabubu. Sisi tulikuwa tunaongea kutwa.

Mwaka 2018 akaja na spa65.

Wapenzi wa mchezo huu, watu waliojitolea tu, walikuwa wameutengenezea misimu mingine: 1965, 1966, 1969. Barabara zilezile, ila magari mengine. Na hapa ndipo nilipojifunza kwamba namba zinahamishika, gari halihamishiki. Mwaka 1965 ulikuwa wa mwisho wa injini za lita 1.5. Uzito wa chini ulioruhusiwa ulikuwa kilo 450, na nguvu ni za farasi kama 200, nusu tu ya alizozizoea kaka. Tairi ni nyembamba. Ndani ya gari kama hilo kaka alikuwa ameingiza seti yake ya 67 karibu yote, akibadilisha gia peke yake.

Gia ndizo kila mtu anazianza, na kweli lazima uanze nazo. Gari la 65 halifiki mwendo wa 67, kwa hiyo gia ya juu inafupishwa hadi injini ikaribie kikomo chake pale mwisho wa njia ndefu ya Masta, na zilizobaki zinasogezwa karibukaribu, maana injini ndogo hizi zina nguvu juu tu. Ukibadilisha gia na mzunguko wa injini ukashuka sana, unakaa unasubiri kama mtu aliyekosa daladala. Hilo kaka alilifanya vizuri. Springi hakuzigusa. Nilipoliendesha, gari lilikuwa linaruka. Kila kibonde liliondoka chini kidogo, na gari lililo hewani halina breki wala usukani.

Nikamkumbuka baba na lori lake. Wakati wa likizo alikuwa ananichukua kwenye safari za shambani. Kwenda tukiwa tupu, lori linarukaruka mpaka meno yanagongana. Kurudi na marobota ya katani, limetulia kama kitanda. Niliamini barabara ya kurudi ni nyingine. Baba alinieleza kwamba springi zimepimwa kwa mzigo, kwa hiyo bila mzigo zinakuwa ngumu mno. Gari la 65 lilikuwa lile lori likienda shambani. Nikalegeza springi hatua mbili mbele, tatu nyuma, nikalegeza shokapu zifuatane nazo, kisha nikaliinua gari kidogo, maana springi laini zinaliketisha chini na likifika mwisho wa safari yake linagonga mpira wa kuzuia. Hapo linakuwa gumu ghafla. Katikati ya kona hilo hulitaki.

Hadi hapo ni hesabu. Difu ndiyo iliyonichukua wiki tatu.

Kaka alikuwa anafanya 3:52. Nilijua kwa sababu alianza kutuma na marudio ya mbio, faili kubwa kidogo, na nilikaa usiku nikimwangalia kama zamani chumba cha nyuma. Aliingia Burnenville ubavu, kama kawaida yake. Mkia ulitoka. Akakanyaga, na hakuna kilichotokea. Nguvu za farasi 200 hazikuweza kuzizungusha zile tairi mbili zilizofungwa pamoja. Badala yake zilisukuma mbele, na pua ikateleza kuelekea nyumba za watu. Akapunguza. Na mwendo ukishapungua kwenye gari hili haurudi haraka; ulichokipoteza Burnenville unakilipia mpaka Stavelot, kilomita kadhaa mbele. Alirudia hivyo kila kona, mzunguko baada ya mzunguko. Sikuwahi kumwona kaka akishindwa na gari. Nilizima kabla hayajaisha.

Mimi, na mguu wangu wa woga, nilikuwa nafanya 3:49.

Sikumwambia. Nadhani niliona aibu, ingawa sijui aibu ya nini. Gari la 65 linamtaka mtu anayegeuza usukani taratibu, asiyeliudhi tairi, anayebeba mwendo kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa. Yaani mtu kama mimi. Miaka kumi na miwili nilidhani ni dereva mbaya. Kumbe nilikuwa msimu usio wangu. (Wapo watakaosema 1967 ndiyo Grand Prix Legends na kwingine ni mapambo. Wacha waseme. Ya 1966 nawaachia, msimu wa viraka, nusu ya magari yakiwa na injini za kuazima, ingawa Jack Brabham alichukua ubingwa akiwa na miaka 40 kwa gari lenye jina lake mwenyewe. Ya 69 na mabawa yake sijaiweza hadi leo. Kadiri unavyokimbia bawa linakukandamiza chini, kwa hiyo inabidi springi ziwe ngumu zihimili mwendo mkubwa, halafu kwenye kona ndogo kama La Source bawa halikusaidii kitu na umebaki na ugumu wako. Isitoshe, mwaka huo mbio za Spa zilifutwa kwa sababu za usalama, hivyo kuiendesha Spa kwa gari la 69 kunanipa hisia ya kuingia nyumba ya watu bila hodi.)

Agosti mwaka huohuo nilikwenda Muheza. Mama alikuwa anachambua mchele, na kwa sababu hatukuwa na la kusema alisema tu, kama anayeendelea na habari tuliyoianza zamani, kwamba ile nyumba baba alishaiweka rehani miaka mitatu kabla ya kufa kwake. Alitaka lori lake mwenyewe. Alilipata, chakavu, na injini ikafa kabla ya mwaka. Kaka ndiye aliyekuwa analipa deni, kutoka Muscat, kila mwezi, mpaka alipoachishwa ile kazi ya kwanza. Baba alimwapisha asimwambie mtu. “Hasa wewe,” mama alisema. “Ulikuwa na mitihani.”

Niliuliza kwa nini naye hakuniambia. Akapuliza makapi. “Ulishamaliza kusema,” alijibu.

Usiku ule, kwenye chumba cha wageni kwa mama mdogo, bila usukani, nilifungua laptopu. Siwezi kuendesha bila usukani, ila naweza kupanga. Nilichukua seti yangu ya 3:49 na kwa mara ya kwanza sikuipanga kwa mguu wangu. Nilijaribu kumkumbuka yeye: anavyoinua mguu mapema, anavyotaka mkia utoke, anavyochukia gari linalosukuma pua. Nikafungua difu upande wa kukanyaga, ili yale mafuta anayoyakanyaga mapema yasimsukume nje. Upande wa kuachia nikauacha wazi kama anavyopenda, lakini si wote, nikaufunga kidogo ili mkia utoke kwa kiasi na sio mpaka mwisho. Stabilaiza ya nyuma nikaongeza, apate ile hisia ya gari kutaka kugeuka, bila kupoteza mwendo. Breki nikairudisha nyuma chembe. Gia ya tatu nikairefusha, maana alikuwa anabadilisha katikati ya kona, na mkono mmoja ukiwa kwenye gia usukani unabaki na mmoja.

Hiyo ya gia ya tatu ilikwenda kinyume na nilivyoeleza juu, kwamba gia zisogezwe karibu. Najua. Kwa dereva mwingine ni kosa.

Nikalipa faili jina: spa65_nimejua. Nikalituma saa saba kasoro, nikalala bila kulala.

Jibu lilikuja alfajiri. Seti ileile, hajagusa hata namba moja; nilizilinganisha zote. Jina tu ndilo lililobadilika: spa65_nani_kakwambia.

Nikabadilisha na mimi, spa65_mama, nikatuma.

Siku tatu kimya. Nilirudi Dar. Nilianza kuhesabu yale ambayo huenda nimeyaharibu, pamoja na kiapo cha marehemu. Nikaendesha Spa usiku wa tatu ili nisifikiri, nikafanya 3:48 na sehemu ndogo, muda wangu bora hadi leo, na sikuuhifadhi. Kuna mahali Masta barabara inapinda kushoto na kulia kati ya nyumba mbili, na unapita pale karibu bila kuinua mguu. Ni palepale Jackie Stewart alipotoka kwenye mvua mwaka 1966 akabanwa ndani ya gari huku petroli ikimwagika juu yake, mpaka Graham Hill na Bob Bondurant walipomtoa kwa spana iliyoazimwa kwa mtazamaji. Mchezo wetu hauna mvua. Kila mara nikipita pale, hata hivyo, nainua kidogo.

Simu iliita saa nne na nusu usiku, namba ya Oman. Nilipokea nikiwa bado nimevaa spika za masikioni, injini ya Climax inalia upande mmoja.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba.” Kisha kimya kirefu, nikisikia kiyoyozi cha huko kikinguruma. Sauti yake ilikuwa imezeeka. “Hii gia ya tatu,” alisema. “Mbona umeirefusha hivi?”

Nikamweleza. Kwamba Burnenville anabadilisha gia katikati, na mkono wake wa kushoto peke yake hautoshi, kwamba nimeona kwenye marudio.

“Umeona wapi?”

“Mzunguko wa tatu. Na wa sita. Yote, kaka.”

Akanyamaza tena. Nilitaka kusema lile jingine, nililokuwa nimelitunga njia nzima ndani ya basi kutoka Muheza, na nikafungua mdomo. “Nimepata 3:47,” akasema yeye. “Jana. Halafu leo 3:46. Sasa hebu niambie springi, maana nyuma bado panacheza nikitoka Stavelot.” Akaniambia nisikate, anawasha kompyuta.